Kipimo cha Aliye Hai

Hakuwa na gari. Hakuwa na nyumba, ila chumba kimoja nyuma ya karakana, chenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Hakuwa na baba wa kumtanguliza mbele za watu, wala mjomba, wala shangazi mwenye ulimi mtamu wa kumsemea. Hakuwa na shahada. Alikuwa na vyeti viwili vya masomo ya jioni, amevitia kwenye fremu nzuri kuliko vyeti vyenyewe. Hakuwa na hati ya kusafiria, kwa sababu hakuwahi kuwa na mahali pa kwenda. Na zaidi ya yote hakuwa na maneno. Mtu huyu aliweza kuunganisha mbao mbili usijue moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi, lakini mbele ya mwanamke mmoja tu, maneno mawili yalimshinda kuyaunganisha.

Alikuwa fundi wa majeneza. Mtaani walimwita Fundi wa Mwisho. Fundi viatu utamrudia, walisema, fundi saa utamrudia, lakini yule ukishafika kwake ndiyo basi.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mkunga katika hospitali ya wazazi iliyokuwa mwanzo wa barabara ile ile. Katikati ya hospitali na karakana palikuwa na kibanda cha muuza maua, mama mnene mwenye kicheko cha haraka, aliyeona kila mtu aliyepita na kumtolea hukumu.

"Nyie wawili mkioana," alizoea kusema, "mtaa huu umekamilika. Mmoja anapokea, mwingine anasindikiza. Na mimi hapa katikati nawauzia maua wa pande zote."

Walijuana kwa msiba. Baba yake Mkunga alifariki, naye akaja kuagiza jeneza, macho makavu, sauti imenyooka, akifuatwa na kijibwa cha rangi ya karanga iliyokaangwa. Jina lake lilikuwa hilo hilo, Karanga. Alikuwa mbwa wa marehemu. Jeneza lilipokuwa likipakwa vanishi, Karanga alilala chini yake na hakuna aliyeweza kumtoa. Baada ya mazishi alitoroka nyumbani, wakamkuta amerudi karakanani, amejikunja chini ya meza ya kazi juu ya maranda.

Mkunga akaja kumchukua. Kesho yake akaja tena. Mara ya tatu hakuwa na haraka. Ikawa desturi: akitoka zamu, na sare yake bado mwilini, hupita kumchukua mbwa na kukaa kidogo kwenye kiti cha wateja. Yeye husimulia watoto waliozaliwa siku hiyo, Fundi hupiga randa na kusikiliza. Kwa hiyo tukisema mshenga wao alikuwa na miguu minne hatutakuwa tumekosea.

Zaidi ya mwaka mzima, neno kubwa kabisa ambalo Fundi aliwahi kumwambia lilikuwa hili: "Kaa upande huu, vumbi halitakufikia."

Mkunga alilipokea neno hilo na kulitunza. Lakini moyo hauishi kwa neno moja, hata liwe jema namna gani.

Siku aliyoleta habari za safari alizisema huku akiyatazama maranda sakafuni.

"Wameniita kazini. Ng'ambo. Hospitali kubwa ya wazazi. Mkataba ni wa miaka miwili, na huenda wakauongeza."

Randa ilisimama katikati ya ubao.

"Na Karanga?" Fundi akauliza.

Mkunga alikuwa amejiandaa kwa swali jingine. "Ninaenda naye. Mama hamtaki, anasema akimwona anamwona marehemu. Amekwisha chanjwa, amewekewa na alama yake chini ya ngozi. Bado sanduku tu la kusafiria."

"Nitalitengeneza mimi."

"Nilijua utasema hivyo," Mkunga akasema, na akamfunga mbwa kamba yake taratibu kuliko ilivyohitajika.

Siku chache baadaye mama yake alifika karakanani. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye mgongo usiojua kuinama. Hakuvuka kizingiti. Tangu kifo cha mumewe hakuwahi kuingia mle.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siingii. Nitasemea hapa hapa." Akaiweka sawa miwani yake. "Unampenda mwanangu?"

Fundi aliitazama patasi iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Ndiyo, mama."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Afadhali. Sasa nisikilize, baba, na usinikatize, maana nimelipanga jambo hili njia nzima. Wewe ni mtu wa heshima. Mume wangu ulimtengenezea vizuri, sijasahau. Lakini nikikuona naiona siku ile. Na mwanangu anashika watoto wakiwa hawajafumbua hata macho. Watu watasema mikono yake inatoka kushikwa na mikono yako. Watu ni wajinga, najua, nimewafundisha miaka mingi. Lakini ndio tunaoishi nao."

"Naelewa, mama."

"Hilo ni la watu. La pili ni langu." Sauti yake ilishuka. "Nilipokuwa na umri kama wake nilichaguliwa kwenda kusoma nje. Nguo zilikuwa zimepangwa sandukuni. Baba yake akaja akaniambia neno moja, 'Baki.' Alilisema vizuri sana. Nikabaki. Alikuwa mume mwema, na mimi sijuti." Akatazama barabarani. "Niseme ukweli, sijuti kila siku. Kuna siku na siku."

Fundi aliiweka patasi mezani.

"Yule ukimwambia 'baki' atabaki. Ukimwambia unampenda ni kama umemwambia abaki. Kwa hiyo nataka ahadi yako. Usimwambie neno hilo mpaka aondoke. Akishafika, akasimama kwa miguu yake mwenyewe, yaliyobaki ni yenu."

"Mpaka aondoke," Fundi akarudia.

"Mpaka aondoke."

"Nimekuahidi, mama."

Asiye na mali hulishika neno lake kama wenye mali wanavyoshika hati za mashamba. Fundi alirudi mezani akaendelea na kazi, na mtu asiyemjua asingeona tofauti yoyote. Muuza maua aliiona. Alisikia randa ikienda mbio kupita kawaida yake.

Yote aliyozuiwa kuyasema, Fundi aliyatia kwenye sanduku la mbwa. Alichagua ubao alioutunza kwa muda mrefu bila kujua alikuwa akimtunzia nani. Jioni moja, Karanga akiwa amelala chini ya meza, akapiga magoti akampima kwa utepe: kutoka pua hadi mkia, kutoka mgongo hadi sakafu. Pembe za sanduku alizifunga kwa meno ya mbao bila msumari hata mmoja. Mfuniko aliuweka juu, wenye bawaba za shaba. Akapiga msasa mpaka ubao ukawa laini kama shavu. Akapaka vanishi, akaiacha ikauke, akapaka tena. Ndani akatandika kitambaa cheupe chenye pamba, akakibana pembeni kwa mikunjo midogo midogo. Halikupitisha hata uzi wa mwanga. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache akalitazama, na akaona kwamba maishani mwake hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho.

Mkunga alikuja mchana, zikiwa zimebaki siku mbili asafiri. Hakuwa na sare. Alivaa gauni la bluu ambalo Fundi hakuwahi kuliona, na Karanga alikuwa kwapani mwake, masikio juu.

"Nimesikia limekwisha," alisema akitabasamu. "Muuza maua ananiambia hujamwonyesha mtu."

"Nilitaka ulione wewe kwanza."

Akakivuta kitambaa kilicholifunika.

Mkunga alitazama. Tabasamu lake halikuondoka kwa mara moja, lilififia polepole. Karanga akanyoosha shingo, akanusa mara moja tu, akaanza kutetemeka. Kisha akalia, si kubweka, bali ile sauti nyembamba ambayo Mkunga aliisikia usiku wa msiba, akajipenyeza chini ya mkono wa Mkunga akificha uso.

"Fundi," Mkunga akasema kwa sauti ndogo. "Hiki ni nini?"

"Sanduku la Karanga."

"Limefunikwa."

"Mfuniko unafunguka vizuri, tazama, hauna hata..."

"Atavutaje pumzi humu?"

Fundi aliupapasa mfuniko kwa kidole.

"Na mbona fupi hivi kwenda juu? Atasimamaje? Wale wa ndege wanataka mnyama aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale, anywe maji. Nilidhani unajua. Nilidhani kila mtu..." Akasita. "Ulimpima vipi?"

"Amelala," Fundi akasema.

Neno lile lilipotoka ndipo na yeye alipolisikia. Katika miaka yote ya kazi yake hakuna mteja aliyewahi kupimwa amesimama. Hakuna aliyewahi kuuliza pumzi itapita wapi. Alilitazama sanduku tena, na safari hii akaliona kama walivyoliona wao: kitambaa cheupe, mikunjo, shaba, urefu ule. Ukubwa ule alikuwa ameutengeneza mara kadhaa, kwa ajili ya watu waliofika mlangoni wakiwa hawawezi kuzungumza.

Mkunga naye alikuwa ameyaona majeneza ya ukubwa ule. Katika kazi yake si kila mara mtoto hulia.

"Ni vanishi," Fundi akasema.  "Ile ile niliyompakia baba yako. Ndiyo anayoinusa. Nisamehe."

"Nitamtiaje humu, Fundi? Atadhani anazikwa."

"Nisamehe."

Akalifunika.  Kutoka nje ilisikika sauti ya muuza maua akibishana na mteja kuhusu maua mekundu. Mkunga akakaa kwenye kile kiti cha wateja, mbwa mapajani, na aliposema tena hakumtazama Fundi.

"Unajua masanduku ya plastiki yapo madukani? Yana mlango, yana matundu, yana kila kitu."

"Sikujua."

"Yapo. Ningekwenda asubuhi moja nikanunua. Nilikuja kwako."

Fundi alijua anaambiwa nini. Hakuwa mjinga; alikuwa amefungwa. Alishika ukingo wa meza.

"Nilisema moyoni, akitengeneza sanduku, siku zile anazolitengeneza atapata muda wa kufikiri. Labda atasema jambo. Kila jioni nikija unaniambia 'bado kukauka'. Nami naenda nyumbani najiambia, basi kesho." Akainua macho. "Kesho kutwa naondoka. Fundi, kama una neno nami, lolote lile, liseme leo."

Alimtazama. Fundi alimtazama vilevile, na katika macho yake yalikuwamo yote: kiti kile, vumbi lile, jioni zote zile. Kama macho yangekuwa na sauti mtaa mzima ungesikia. Lakini mlangoni, pale pale kwenye kizingiti, aliona pia mahali alipokuwa amesimama mama mwenye mgongo usioinama.

"Nitakutengenezea lingine," akasema.

Mkunga alimpangusa Karanga vumbi la mbao masikioni.

"Nimekuomba neno," alisema hatimaye, "umenijibu mbao."

"Mkunga..."

"Mama alikuja hapa?"

Fundi hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Uongo hakuujua, na ukweli hakuwa na ruhusa nao.

"Sawa," Mkunga akasema, akisimama. "Nilidhani wewe hupungukiwi na maneno, unayaweka akiba tu. Kumbe labda hayapo. Mimi nilikuwa nakaa hapa najisimulia mwenyewe." Akatoka. Mlangoni aligeuka. "Usijisumbue na lingine. Nitanunua."

Muuza maua alimwona akipita na machozi yanamtoka, akaja mlangoni mwa Fundi mikono kiunoni.

"Jirani, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Sijamfanya kitu."

"Ndiyo naona. Hilo ndilo kosa lenyewe." Akalitupia jicho sanduku. "Mungu wangu. Hilo ndilo ulilomwonyesha? Mimi nauza mashada ya msiba, na hata mimi mpenzi wangu nisingempelekea moja."

Asubuhi yake Fundi aliamka mapema, akatia utepe mfukoni akaenda nyumbani kwao. Mkunga alikuwa hospitali, zamu yake ya mwisho. Mama ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumpima mbwa."

"Marahaba. Amesema atanunua."

"Anunue. Mimi nitatengeneza. Atachagua mwenyewe."

Mama akamtazama kwa muda, kisha akamkaribisha. Sebuleni palikuwa na masanduku mawili ya nguo, moja limefungwa, moja liko wazi. Fundi aliyapita bila kuyatazama, kama mtu apitaye karibu na moto.

Kumpima Karanga akiwa macho ilikuwa kazi. Alipoambiwa asimame alikaa. Alipopimwa urefu alimlamba Fundi pua. Aligeuka, akaung'ata utepe, akakimbia nao chini ya meza.

"Wateja wako wengine hawakusumbui hivi," mama akasema.

"Hapana, mama. Hawa wangu ni wapole."

Mama alicheka kabla hajajizuia. Akaenda jikoni akaleta kipande cha mkate, akakiinua juu, na Karanga akasimama wima, kichwa juu, mkia juu, mwili mzima ukitetemeka kwa uhai. Fundi akapima haraka. Akapima tena. Kisha akabaki amepiga magoti, utepe umesimama hewani, akishangaa jinsi aliye hai anavyohitaji nafasi kubwa.

"Ulilishika neno lako?" mama akauliza ghafla.

"Nimelishika."

"Nimejua. Kwa sababu hajala tangu jana." Akauweka mkate mezani. Alionekana mzee kuliko siku ile. "Unadhani mimi ni mkatili."

"Nadhani wewe ni mama yake."

Mama akaenda dirishani, akatazama nje. Fundi alikunja utepe wake akasimama.

"Nina ombi. Hatakubali kuingia kwenye sanduku lolote, hata likiwa zuri, bila kuwa na harufu anayoipenda. Kama kuna nguo ya mzee..."

"Hakuna," mama akasema upesi. "Zote nilizigawa."

"Sawa, mama. Asante."

Alikuwa amefika barabarani aliposikia akiitwa. Mama alisimama mlangoni na sweta la kijivu mkononi, limechakaa viwiko. Alikuwa amelikunja vizuri mno, kama kitu kinachokunjwa na kukunjuliwa kila siku.

"Nililibakiza hili," akasema. "Lina harufu yake bado. Kidogo."

Fundi akalipokea kwa mikono miwili.

"Na ahadi yetu?" akauliza taratibu. Alitumaini, kwa kuwa na yeye alikuwa binadamu.

Mama alitikisa kichwa. "Mpaka aondoke, baba. Ukimwambia leo ataenda kufungua sanduku la nguo."

Alifanya kazi mchana kutwa. Sanduku la pili halikuwa zuri. Lilikuwa na matundu pande zote, mlango wa wavu mbele, komeo imara, kikopo cha maji kimefungwa kwenye wavu. Ubao aliuacha mtupu, bila vanishi, bila rangi, unanukia mti tu, kama maranda ya chini ya meza. Lilikuwa refu kwenda juu. Muuza maua alipoliona alisema linafanana na kibanda cha kuku, na Fundi kwa mara ya kwanza katika ujirani wao akamwambia, "Asante."

Kwenye uwanja wa ndege watu walikuwa wengi, kila mmoja na mzigo wake na kilio chake. Mkunga alikuwa amenunua lile la plastiki. Lilikuwa miguuni pake, na Karanga alikuwa ameipinga miguu yake minne mlangoni mwake, haingii. Mhudumu wa ndege alikuwa akitazama saa.

Fundi akalitua lake sakafuni. Akafungua mlango wa wavu, akaliingiza lile sweta la kijivu, akarudi nyuma. 

Karanga alinusa mbao. Akanusa sweta. Akaingia mwenyewe, akazunguka, kisha akasimama na kuwatazama wote kupitia wavu, kichwa juu.

Mkunga alilitambua sweta. Alimgeukia mama yake, na mama yake akatazama pembeni. Halafu akapiga magoti akaushika ubao ule usio na vanishi, akaupapasa taratibu mahali ambapo mkono wa Fundi ulipita na msasa.

"Amesimama," akasema.

"Nilimpima amesimama," Fundi akajibu.

Mkunga akangoja. Safari hii hakuomba. Alisimama tu mbele yake kwa muda ule ambao mtu anaweza kusimama bila kuonekana anangoja. Fundi alihisi lile neno limefika mdomoni, zito, limekamilika, limepigwa msasa pande zote. Akalimeza.

"Safari njema, Mkunga."

"Kwa heri, Fundi."

Akaenda. Hakugeuka. Mama na Fundi walibaki wamesimama bega kwa bega mbele ya mlango uliokwisha fungwa, wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka, maana wote wawili hawakuwa na wa kumrudia.

Zilipita siku ambazo Fundi hakuzihesabu. Alifanya kazi. Lile sanduku la kwanza alilivunja, ubao wake akaufanya rafu ya vitabu.

Kisha adhuhuri moja kivuli kirefu kilisimama kizingitini. Fundi aliinua kichwa kusalimia, na salamu ikamkwama, kwa sababu mama alikuwa amevuka. Aliingia ndani, akapita kati ya majeneza mawili yasiyomalizika, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, mkoba mapajani.

"Amefika salama," akasema. "Karanga naye amefika. Anasema walipofungua mlango alitoka amesimama."

"Namshukuru Mungu."

"Ameanza kazi. Ana chumba. Analipwa kwa jina lake." Aliyasema kwa fahari, lakini fahari haikudumu. "Nikimuuliza habari ananijibu nzuri. Kila siku nzuri. Nimekuwa mwalimu, baba. Mtoto anayejibu 'nzuri' kila siku namjua."

Fundi aliweka randa chini.

Mama akafungua mkoba akatoa karatasi yenye mwandiko wa kialimu, mkubwa, ulionyooka. Ilikuwa anwani. Akaiweka juu ya meza ya kazi, akaibana kwa patasi isipeperuke.

"Ulinipa neno mpaka aondoke. Ameondoka. Watu wa huku hawawajui watu wa huko, na wakisema, waseme." Akasimama. "Usimwambie arudi. Hilo bado nalikataza."

"Sitamwambia arudi, mama."

Alipofika mlangoni alitazama nyuma, kwenye meza ile, na chini yake, palipokuwa na maranda matupu. "Alikuwa analala hapo?"

"Hapo hapo."

"Mahali pazuri," mama akasema, akaenda zake.

Fundi alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pasipo msiba. Akanunua karatasi na bahasha. Muuza maua alimwona akakaribia.

"Barua? Jirani, siku hizi watu wanatumiana ujumbe kwa simu. Unabonyeza, umefika."

"Na anayetaka kuufuta, anabonyeza vilevile."

"Haya. Weka na ua basi, bure."

"Litakauka njiani."

Alikaa mbele ya zile fremu mbili za vyeti vyake akaandika. Ya kwanza aliichana, ilikuwa ndefu na ina maneno makubwa. Ya pili aliichana, ilikuwa na habari za hali ya hewa. Ya tatu aliandika hivi:

*Mkunga,*

*Siku ile uliniomba neno nami nilikuwa nalo. Nilikuwa nimemwahidi mama yako nisiliseme mpaka uondoke, ili uende. Usimkasirikie. Alikuwa na sababu yake, muulize siku moja akueleze kuhusu sanduku lake la nguo.*

*Neno lenyewe ni kwamba nakupenda. Nimekupenda tangu jioni ile uliyokuja kumchukua Karanga na hukuwa na haraka. Sijui kuliremba, limetoka hivi hivi bila vanishi.*

*Sikuombi urudi. Nimeomba hati ya kusafiria, na mbao zipo kila mahali, na milango na vitanda najua pia kutengeneza. Nauliza jambo moja. Je, huko uliko, katika chumba chako, kuna nafasi ambayo mtu wa kimo changu anaweza kusimama? Kama ipo, niandikie. Kama haipo, niandikie pia.*

*Mwambie Karanga meza iko pale pale.*

Akaisoma mara moja, hakuirudia. Akaokota sakafuni kipande kimoja chembamba cha maranda, kilichojikunja kama ukucha wa mtoto, akakitia ndani ya karatasi ili mbwa akinuse. Akaikunja. Akapaka gundi kwenye ulimi wa bahasha kwa kidole, kwa uangalifu wa kazi, akaubana chini kwa kiganja mpaka ukashika. Maisha yake yote alikuwa amefunga vitu ili visifunguliwe tena. Hiki alikifunga kwa nia nyingine.

Posta, karani aliipima bahasha mkononi akaitikisa.

"Kuna kitu ndani?"

"Kipande kidogo cha mbao."

"Cha nini?"

"Ni salamu."

Karani akamtazama, akaona mtu aliyevaa shati lake zuri siku isiyo ya sherehe, akaacha kuuliza. Akaigonga muhuri, akaitia kwenye mfuko wa barua za mbali. Fundi wa Mwisho alisimama pale dirishani mpaka mfuko ulipofungwa kamba na kubebwa.